Jicho Lililotaka Kusemeshwa Kikonkani

Nilipokuwa mtoto katika mji wa Ibra, Omani, jicho la hasidi lilifukuzwa kwa lugha mbili. Nyumbani kwetu Bibi, mama yake baba, alilifukuza kwa Kiarabu, kwa aya alizozisoma huku akinipulizia utosini; na nyumba ya pili, tuliyopakana nayo ukuta, Mai Filomena alilifukuza kwa Kikonkani, kwa chumvi na pilipili kavu. Sisi watoto hatukuona ajabu. Tulidhani kila mtaa duniani una bibi wawili, na kila bibi ana ulimi wake wa kumwomba Mungu.

Mai Filomena alikuwa Mgoa, na Kikonkani ndiyo lugha ya kwao. Mumewe alikuwa fundi cherehani mjini Unguja, mtaa wa Baghani, duka lake mkabala na nyumba aliyoolewa Bibi, na wanawake hao wawili walikuwa mashoga tangu ujana wao. Baada ya mapinduzi mmoja alikwenda Goa na mmoja akaja Omani, wala hapana aliyetegemea kumwona mwenziwe tena. Kisha Kamilo, mwana wa pekee wa Mai, akaajiriwa kuchanganya dawa katika hospitali ya Ibra, akamleta mamake. Asubuhi moja Bibi alikuwa sokoni, ameinamia samaki walioletwa kutoka Sur, akasikia nyuma yake sauti ikinung'unika kwa Kiswahili cha Baghani: "Samaki huyu hakuvuliwa, ati. Kafa kwa uzee."

Bibi hakugeuka. Alisema tu, "Filomena, hujaacha?"

Kila mmoja wao alikuwa na lugha ya kuilinda. Bibi alikuwa na Kiswahili chake, ambacho sisi wajukuu tulikuwa tukikimega kila siku bila ya kujua. Skuli tulisoma kwa Kiarabu, tukacheza kwa Kiarabu, tukikosea tukachekwa kwa Kiarabu; tukirudi nyumbani ulimi ulikuwa umekwisha zoea njia ya kule. Bibi hakutugombeza. Nilipomwomba maji kwa Kiarabu aliendelea kuchambua mchele wake kana kwamba kilichosema ni upepo. Nikaomba upya kwa Kiswahili. "Ehe," akasema, "sasa nimesikia mtu," akaninyooshea gilasi.

Shida ya Mai ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Kikonkani chake hakikuwa na wa kukisikia ila Kamilo, na Kamilo alikuwa ameweka amri kwamba mtoto wake azungumziwe Kiingereza. Mtoto huyo, Lina, alikuwa rika langu. Skuli ya Wahindi ilikuwa Maskati, basi wiki nzima alikaa huko na mamake, aliyekuwa muuguzi, na kila Alkhamisi gari lilimleta Ibra kwa njia ya Bidbid, akashuka na vumbi kwenye soksi zake nyeupe. Mai alimpokea kwa Kikonkani. Lina alijibu kwa Kiingereza.

"Mama, Kikonkani hakitampa kazi," Kamilo alisema siku moja mbele yetu.

"Kazi atapewa," akajibu Mai, asiinue macho kwenye pindo alilokuwa akilishona. "Siku akipigwa jicho, atatolewa na nani?"

Nilikuwa nikilijua neno hilo lina uzito gani, kwa sababu mimi mwenyewe nilikwisha kutolewa. Ilikuwa Idi, na Mai alikuwa amenishonea gauni la kijani lenye marinda, nikazunguka nalo mtaa mzima. Jioni nikatapika, kichwa kikaniwanga, macho yakawa hayataki mwanga. Bibi akasoma, akasoma tena, kisha akamwambia mama, "Kaniitie Filomena. Hili limekaa vibaya."

Mai akaja na konzi ya chumvi na pilipili za kutosha kitoweo. Bibi alizitazama.

"Shoga, unamtoa jicho au unampikia mchuzi?"

"Nyamaza, Zuweina. Ukinisemesha naanza upya."

Akanizungusha mkono uliofumbata vile vitu, kutoka kichwani mpaka miguuni, huku akisema maneno yake ya chini kwa chini. Kisha akavitupa katika chetezo cha Bibi, juu ya makaa. Imani ya kwao ilikuwa hivi: pilipili zikiungua na watu wakapaliwa, hapana jicho; zikiungua kimya, hata chafya isisikike, basi jicho lilikuwapo nalo limeungua pamoja nazo. Tulingoja. Pilipili zilikuwa nyeusi, moshi ulipanda, na hapana aliyekohoa. "Lilikuwapo," akasema Bibi kwa sauti ndogo. Kabla ya kulala nikaomba mkate.

Bibi, ambaye katika dini hakuwa mtu wa kupitiwa, alimwuliza, "Maneno yale yanasemaje?"

"Namwomba Mungu," Mai akasema. "Namtajia jicho la aliyepita njiani, na la aliyekaa kisimani, na la anipendaye akasahau. Nasema lirudi lilikotoka, lisimdhuru mwenyewe."

Bibi akasema, "Hayo hata mie nitayaitikia amini."

Mimi nikasema, "Ahsante, Mai," kwa adabu niliyofunzwa, na Mai akanibandika kiganja mdomoni. Kwao mtoaji jicho hashukuriwi. Shukrani, alinieleza, humwonyesha jicho mlango, nalo hurudi. Nikabaki na ahsante yangu mdomoni, ina ladha ya chumvi.

Maneno yale hayakuandikwa, wala mimi sitayaandika hapa. Yalitoka kinywa kwa kinywa, kwa wanawake wa nyumba yao, na kwa Kikonkani tu. Mai alishikilia kwamba jicho likimpiga mtu wa kwao husikia lugha ya mamake tu. Tena yalikuwa na sharti moja kali: mtu hawezi kujitolea jicho mwenyewe. Ndiyo maana alimkalisha Lina barazani kwetu kila Ijumaa, wakimenya thomu, akimpa mstari baada ya mstari. Lina alipiga miayo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa sinia, nikimenya pia, nikiyadaka bila ya kukusudia. Bibi alikuwa amenizoeza kuimba tenzi, na sikio langu lilikuwa limekwisha jua mstari unapopanda na unapotua. Yale maneno ya Mai yalipanda na kutua vivyo hivyo, na kila mwisho wa mstari silabi ilikuwa ikiingoja mwenziwe. Kikonkani nilikipokea kwanza kama mizani. Maana ilinifikia baadaye, kipande kipande, kila nilipouliza na Mai akanieleza kwa Kiswahili, akifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe aliye mbali.

"Huyu Mwarabu wenu ana sikio," alimwambia Bibi. "Wangu ana miayo."

Kisha ikaja Krismasi. Mai alitengeneza visambusa vyake vitamu vya nazi, akavipeleka nyumba zote za jirani, na wanawake wakaja kumpa mkono wa sikukuu. Walimkuta anatunga uzi sindanoni bila ya miwani. Bibi alicheka. "Tazameni macho ya Filomena. Mie kipofu nusu, naye anatunga sindano kama mwari."

Hakusema mashaallah. Bibi yangu, aliyemkatiza hata mgeni aliyesifu mtoto bila ya neno hilo, aliyetufunza sisi tulitangulize kabla ya kusifu chochote, safari hii alipitiwa. Pengine kwa sababu alipokuwa na Mai alirudi kuwa msichana wa Baghani, na wasichana hutaniana bila ya kinga.

Asubuhi yake Mai hakuweza kuinuka kitandani. Kichwa kilimuuma, na macho yaliona kila kitu viwili viwili. Kamilo alimpeleka hospitali, akapimwa damu, akarudi na vidonge. Mai alivipokea kwa heshima na kuviweka chini ya mto.

"Mama, meza."

"Vidonge hivi vya presha. Mie nina dishti." Ndivyo walivyoliita jicho.

Bibi chakula kilimshinda. Alikwenda kumsomea, na Mai alimshika mkono akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dua yako imefika, Zuweina. Lakini lililoniingia mie lataka kusemeshwa Kikonkani." Wala hakumtaja aliyemsifu. Bibi alirudi nyumbani akakaa juu ya msala, na nilimsikia akisema peke yake, "Macho yangu, Rabbi. Kwa nini yasiwe macho yangu."

Alkhamisi Lina akaja. Baada ya alasiri Mai alimwita kitandani, akamfumbatisha chumvi na pilipili. Chumbani tulikuwamo Bibi na mimi juu ya mkeka, na Kamilo amesimama mlangoni na koti lake la hospitali. Kamilo alikijua Kikonkani vyema, lakini maneno yale hayakuwa ya wanaume. Hakupewa hata mstari.

"Haya, baye," Mai akasema. Ndivyo waitavyo mtoto wa kike wampendaye. Akafumba macho.

Lina alianza. Mkono wake ulimzunguka bibi yake, mstari wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka. Kwa aliyepita njiani. Kwa aliyekaa kisimani. Hapo akakwama. Alianza upya, akakwama papo hapo. Mai hakufumbua macho. Mgonjwa haruhusiwi kusaidia. Machozi yalimtiririka Lina, naye hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Mstari wa tatu ulikuwa juu ya ulimi wangu. Nilimtazama Bibi. Ulikuwa mstari wa anipendaye akasahau, na Bibi aliujua kwa maana yake, na aliniona ninavyoukunja mdomo juu yake. Akaniwekea mkono gotini.

"Mpe mwenzio," akasema.

Nikausema. Lina akaupokea kutoka kwangu, akauzungusha kichwani mwa bibi yake. Nikampa wa nne. Katika wa tano alilitamka neno moja vibaya, nami sikujua kumrekebisha, kwa kuwa nilikuwa nalitamka vibaya vile vile. Kutoka mlangoni Kamilo akalisema, taratibu, kisha akaongeza kwa Kikonkani maneno mengine mafupi, ambayo Lina aliyaelewa, akaitikia kwa kichwa na kuendelea. Kwa miaka yote niliyowajua, lile lilikuwa jambo la kwanza nililomsikia akimwambia bintiye kwa lugha ya mamake.

Tulimaliza. Pilipili zikaingia katika makaa.

Tulipaliwa sote. Nilikohoa mpaka nikatoka machozi, Lina akapiga chafya, Kamilo akaegemea kizingiti akitweta, na Bibi, Bibi yangu wa staha, alijifunika uso kwa kanga akikohoa na kulia na kucheka kwa pamoja, kwa sababu ule moshi ulikuwa unamwambia kwamba hakumdhuru shoga yake.

"Halikuwapo," akasema alipopata pumzi. "Filomena, halikuwapo."

Mai alikuwa amefumbua macho. Alikuwa akikohoa kidogo, na akimtazama Lina.

"Halikuwapo," akakubali. "Kamilo, lete hivyo vidonge."

"Viko chini ya mto wako, Mama."

"Basi lete maji."

Alivimeza. Kisha akatuita mimi na Lina karibu, akatushika vidole, akasema kwamba palipokuwa hapana jicho, hapana la kurudi, kwa hiyo leo kushukuru kunajuzu. Akatuambia sote wawili, kwa Kikonkani: "Dev borem korum." Mungu akutendeeni mema. Kwao hiyo ndiyo ahsante.

Bibi aliishi akimshuku. Miaka mingi baadaye, akikumbuka jioni ile, alisema, "Filomena alijua kuwa ni presha. Alimtaka mjukuu wake." Mimi sikuweza kukata shauri, na sasa siuoni umuhimu. Alipona kwa vidonge, na hilo namshukuru Kamilo. Lakini tangu siku ile, Alkhamisi ikifika, nilisikia ukutani sauti tatu zikizungumza lugha moja, na Bibi, akisikia, aliweka kikombe chake chini na kusema, "Sikiliza. Nyumba ile ina watu."

Walipoondoka kurudi Goa, nilikwenda kumuaga Mai. Nilikuwa nimepanga kumwambia lile neno la siku ya gauni la kijani. Alinisoma uso, akaweka kidole mdomoni, akatabasamu. Jicho langu lilikuwapo kweli, na kanuni ni kanuni. Yeye na Bibi wamekwisha kutangulia, kila mmoja katika ardhi yake.

Lina anaishi Maskati sasa. Mwaka uliopita alinipigia simu, akanambia kwamba anamfundisha bintiye maneno yale, naye ana shaka na mstari wa tatu. Nilimsomea. Akaurudia, na nyuma yake nikasikia sauti ya mtoto ikiurudia pia, ikipanda na kutua pale pale inapopaswa. Kisha Lina akamwambia bintiye anisalimie, na yule mtoto, ambaye hajapata kuiona Unguja wala hata Ibra, akasema, "Shikamoo, bibi," kwa Kiswahili alichopewa na mamake, mamake aliyekipata barazani kwetu kwenye sinia la thomu.

"Marahaba, baye," nikasema.

Nilikata simu nikakaa nikitazama ukuta, ingawa nyumba hii si ile na ukuta huu si ule. Kama shukrani humwonyesha jicho mlango, mlango wa Ibra umekwisha vunjwa, na mimi nimezeeka vya kutosha kuliona likija. Dev borem korum, Mai. Nimelisema. Jicho na lirudi likitaka. Wa kulisemesha tupo.