Mkono Uliojifunza kwa Shangazi

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Kiwandani wananiita Pilipili kwa ajili ya huu ulimi, na kazi yangu ni kuendesha pikipiki ya magurudumu matatu inayopeleka sabuni madukani. Inatumia betri, na betri zinachajiwa na jua juu ya paa la kiwanda. Lori la zamani lilikuwa likitutemea moshi mpaka pua zikawa nyeusi. Hii yangu inapita kimya, hata mbwa hawana habari nayo. Hilo nalo lilinishangaza, nikajikausha. Lakini nililoliona kwenye chumba cha kufungia sabuni siwezi kulinyamazia.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenilea. Amefunga sabuni kiwandani hapo tangu sijaota meno. Kipande kinafika, anakivisha karatasi, anakipanga kwenye boksi. Boksi likijaa anafunga kifuniko na kukipiga kwa kiganja mara mbili, pa pa, kama anayesema haya, nenda. Hata alipomaliza kunisuka nywele alinipiga utosini vivyo hivyo, pa pa, nami nikajua ni wakati wa kuinuka.

Kisha vifundo vya mikono yake vikaanza kuvimba. Kwanza aliacha kunisuka, akasingizia macho. Baadaye sabuni zikawa zinamponyoka. Daktari alimwambia apumzishe mikono, naye akamuuliza kama tumbo nalo litapumzishwa. Aliponisimulia tulicheka, ila nilijua hana pengine pa kushika zaidi ya kiwanda kile.

Ndipo ulipoletwa mkono wa mashine. Haukuwa kitu cha fahari. Fundi wa karakana ya mtaa wa nyuma aliuunda kwa vyuma na mota za mashine chakavu, ndiyo maana mwenye kiwanda aliumudu. Wafungaji wakaubatiza jina la Mkwe, kwa kuwa umeingia nyumbani kimya kimya na kila mtu anajichunga mbele yake. Msimamizi alisema wazi kwamba kutakuwa na mafunzo kila alasiri kwenye ukumbi wa chakula. Atakayeweza kumfundisha Mkwe kazi atabaki kuwa mwangalizi wake, na asiyeweza atahamia kwenye kubeba mizigo. Kwa mikono ya Shangazi, kubeba mizigo ilikuwa sawa na kuonyeshwa mlango.

Nilidhani atakataa. Wapi! Aliazima miwani ya jirani akakaa kiti cha mbele. Nyumbani alipanga vijiko vya chai mezani akawa anavibonyeza kama vitufe, hiki cha kuanza, hiki cha kusimamisha. Nikamtania kwamba chai yetu sasa inahitaji fundi. Hakucheka. Alikuwa anaogopa, na mimi nikaogopa kwa kuwa sikuwahi kumwona hivyo.

Kumfundisha Mkwe hakuhitaji maandishi. Unaushika ule mkono wa chuma, unautembeza katika kazi nzima, nao unakumbuka kila ulipopita. Siku ya majaribio nilisimama mlangoni pa chumba cha kufungia, mzigo wangu ukinisubiri nje. Shangazi aliushika, akaupeleka kwenye sabuni, kwenye karatasi, kwenye boksi, amekunja uso kwa maumivu. Akauachia, akabonyeza kitufe, na Mkwe akaanza mwenyewe.

Mkwe akatetemeka. Alishika sabuni akitetemeka, akaiinua akitetemeka, ikamponyoka ikaanguka sakafuni. Mtu mmoja alicheka, kisha akanyamaza, maana sote tulitambua ile ni mikono ya nani. Shangazi aliitazama sabuni pale chini.

"Kumbe ndivyo ninavyoumwa," alisema.

Fundi alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, rudia. Mshike kwa mikono yote miwili, nenda polepole unavyotaka. Mwendo tutamwongezea baadaye."

Nadhani katika maisha yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kumwambia aende polepole. Alivuta pumzi, akaanza upya, mkono wa kushoto ukiusaidia wa kulia. Alivisha karatasi, akapanga, akafunga kifuniko, na kabla hajajizuia akaushusha ule mkono wa chuma juu ya boksi, pa pa. Akashtuka, akaomba radhi. Fundi alimwambia asijali, hicho kipande cha kumbukumbu kinafutika, ila kwanza tuone.

Shangazi akabonyeza. Mkwe akainuka bila kutetemeka hata kidogo. Alikivisha kipande karatasi kama Shangazi alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, akikunja pembe kwa upole, bila haraka. Nilimwona Shangazi wa zamani, mzima, katika vyuma vilivyookotwa. Boksi lilipojaa Mkwe alifunga kifuniko, akasita kidogo, akalipiga, pa pa.

Mimi Pilipili nililia hadharani wala sikujifuta. Msimamizi, ambaye kwa kawaida hata ukipiga chafya anakuona unapoteza muda, aliulizwa kama kile kipande cha pa pa kifutwe. Alikohoa, akatazama pembeni.

"Kiacheni," alisema.

Sasa Shangazi ana kiti chake pembeni ya Mkwe, na miwani yake mwenyewe, na mikono inapumzika. Anamsikiliza, anamsimamisha akikosea, na wafungaji wapya wanajifunza kwake. Maboksi yaliyopigwa pa pa nayasambaza mjini kimya kimya, na kila ninapoyashusha bado nashangaa.

Jumapili iliyopita aliniita nikae chini, katikati ya magoti yake. Nilidhani anatania. Vidole vyake vilikuwa vizito mwanzoni, mistari ikaenda upande, akaifumua akaanza tena, nami nikajifanya sioni. Alipomaliza alinipiga utosini, pa pa. Sikuinuka.