Nani Amemruhusu Felista?

Mwaka tisini na sita biashara ilikuwa huria kwelikweli, na marobota ya mitumba yalifunguliwa soko kuu la Morogoro kila uchao. Ndipo Felista akachagua koti la sufu, jekundu, zito, linalopita magoti, akalivaa papo hapo saa saba mchana, jua likichoma. "Dada, utaiva!" muuzaji akamwambia. Felista akajibu kwamba anafanya majaribio. Akakatiza nalo mji mpaka bweni la chuo cha kilimo, alikokuwa mwaka wa pili, jasho likimtiririka hadi kisiginoni, na kila aliyemcheka akamjibu neno moja tu: Norwei! Kusema kweli, binti yule alikuwa hashikiki.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Chama kimoja cha vijana kilitafuta wanafunzi wachache wa kwenda Norwei kwa miezi kumi. Asubuhi wanajitolea mashambani, mchana wanasoma katika shule ya huko huko kijijini, na vijana wa kule nao wanakuja huku kufanya vivyo hivyo. Nauli juu ya chama, chakula na malazi kwa familia ya wakulima. Felista alipangiwa familia ya wafugaji wa mbuzi wa maziwa, naye mbuzi wa maziwa alikua nao, maana baba yake alikuwa akiwafuga kule Mgeta, juu milimani. Hata angeambiwa ajipangie mwenyewe, asingejipangia vizuri zaidi.

Mratibu wa mpango alikuwa Bi Regina, mwanamke wa Bukoba aliyeletwa Morogoro na kazi, na kubembeleza mtu hakukujua. Aliwakalisha wanafunzi wote waliochaguliwa akawapa ukweli wao. Pasipoti haitoki bila cheti cha kuzaliwa. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe mapema, na kadi yake itunzwe kama mboni ya jicho. Picha ziwe za kutosha, na masikio yaonekane. Viza inaombwa kwa pamoja, kwa hiyo mzembe mmoja atawachelewesha wengine. Na kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyetimiza miaka ishirini na moja, wazazi waje waape mbele ya hakimu kwamba wameridhia.

Felista aliyakimbilia mambo hayo kama mtu anayeita bahati isimpite. Cheti cha kuzaliwa alikifuatilia bomani mpaka karani akamzoea, akawa anamtuma maandazi. Alipochomwa sindano mkono ukavimba, naye akafurahi, akawaonyesha wenzake uvimbe kama mtu anayeonyesha pete ya uchumba. Usingizi ulimpaa. Akifumba macho anaona theluji.

Kuhusu ridhaa hakujisumbua kichwa. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na neno zito juu ya mtoto, iwe posa, iwe shule, iwe safari, hulisema mjomba. Felista akapanda Mgeta, akapiga magoti mbele ya mjomba Leonard, kaka mkubwa wa mama yake. Mjomba akakuna kidevu, akaita wakubwa wa ukoo, pombe ikanywewa, wakajadili kutwa nzima kama nchi isiyo na jua inaweza kuwa na watu wenye akili. Jioni mjomba akaridhia na vigelegele vikapigwa. Baba yake Felista, mzee Benedikto, alikuwa nyuma ya nyumba akikatakata majani ya mbuzi. Akauliza kuna nini, akaambiwa. "Vizuri," akasema, akaendelea kukata. Hakuna aliyeona ajabu, hata Felista mwenyewe.

Alhamisi mjomba Leonard alishuka mjini pamoja na mama yake Felista, amevaa suti ya kahawia na kofia ya heshima. Felista akawaongoza ofisini kwa Bi Regina.

"Shikamoo baba," Bi Regina alimwamkia mjomba.

"Marahaba mwanangu. Tumekuja kumruhusu mtoto."

"Karibuni sana. Wewe ndiye baba yake Felista?"

"Mimi ni zaidi," mjomba alisema, akiweka kofia sawasawa. "Ni mjomba wake."

Bi Regina aliweka kalamu chini. "Baba yake amefariki?"

"Afe kwa lipi? Yuko Mgeta na mbuzi wake."

"Basi aletwe."

Mjomba alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona Bi Regina hacheki, akaanza kumweleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mgeni kula, namna watoto wanavyomilikiwa Uluguru. Bi Regina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, mila zenu naziheshimu," akasema. "Lakini kanuni inataka wazazi wote wawili walio hai. Hati zinaondoka kesho saa sita mchana kwenda Dar, ubalozini. Atakayekosa, nafasi yake anapewa mwingine, na huyo mwingine yupo tayari."

Felista hakungoja maneno ya kuaga. Alikimbia hadi sokoni, akadandia lori lililoshusha kabichi na sasa linarudi Mgeta tupu, akakaa katikati ya matenga. Kona za mlima hazikumtisha. Kilichomtisha ni kwamba hakujua aanzeje. Baba yake alimsomesha kwa maziwa ya mbuzi tangu darasa la kwanza, naye hajawahi, hata siku moja, kumwomba ruhusa ya kitu chochote. Aibu ilimshika, aibu ya kweli. Na pamoja na aibu hiyo bado alitaka kwenda Norwei mpaka meno yakamuuma.

Alimkuta baba yake akikamua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Akamweleza yote, halafu akapiga magoti pale pale kwenye samadi. "Baba, nimekuja kukuomba ruhusa."

Mzee Benedikto hakugeuka. Alikamua mpaka tone la mwisho. "Hawa mbuzi wangu mbegu yao ilitoka huko huko Norwei, siyo?"

"Ndiyo, baba."

"Na mjomba wako kasemaje?"

"Mjomba ameridhia."

"Haya." Akasimama na ndoo yake. "Mimi nitasema huko huko kwa hakimu."

Felista hakuthubutu kumdadisi. Alfajiri wakashuka juu ya lori la karoti, mzee kanyoa ndevu, kavaa shati lake la kanisani, midomo kaifunga kabisa. Felista alikuwa akimwibia jicho kila kona. Kama mzee ana kinyongo cha miaka ishirini, basi leo ndiyo siku ya kukitapika, na nani angemlaumu?

Mahakama ya mwanzo ilikuwa imejaa watu wenye kesi zao. Bi Regina alikuwa akitazama saa. Mjomba Leonard alikaa benchi la mbele, kofia mapajani. Magdalena, mama yake Felista, aliulizwa, akaapa, akaridhia upesi. Kisha hakimu akamgeukia mzee.

"Benedikto, umeridhia binti yako aende ng'ambo kusoma na kujitolea?"

Mzee akatazama sakafu, akamtazama shemeji yake, akamtazama Felista.

"Mheshimiwa," mzee akasema, "naomba uniulize tena. Kwa sauti kidogo, shemeji yangu pale asikie."

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Hakimu naye akajikaza asicheke, akauliza tena kwa sauti iliyofika mpaka barazani.

"Nimeridhia!" mzee Benedikto akanguruma. "Mimi, baba yake, nimeridhia! Aende!"

Felista aliruka juu kama mtoto, akamkumbatia mbele ya watu, analia na kucheka kwa mpigo mmoja. Bi Regina alikwisha kunyoosha mkono kuipokea hati. Mjomba Leonard alikuwa akiikunja na kuikunjua kofia yake.

"Asante mzee, tumemaliza," hakimu akasema. "Unaweza kwenda."

Mzee Benedikto hakusogea.

"Ana mdogo wake, Martina," akasema. "Niulize na kuhusu huyo."

"Naye anasafiri?"

"Hasafiri, mheshimiwa. Wewe niulize tu."