Fundi Mwiza

Fundi cherehani wa mtaa wa Gitega, Rwanda, huongea na pini mdomoni, na kila kipande cha kitambaa kinachobaki, hata chembamba kama kidole, humrudishia mwenyewe ndani ya mfuko uliopigwa fundo. Leo mguu wake hautulii. Gauni liko tayari, harusi ni kesho, na bibi harusi hapokei simu.

"Iko anakata tu," anamwambia Mukantwari, mteja wake wa zamani, aliyekuja kuchukua kitenge chake. "Wateja wapya wote wananikatia. Ngoja nijaribu kupigia namba yako."

Simu ya Mukantwari inawaka mezani, katikati yao: *Fundi Mwizi*.

Siku alipohifadhi namba hiyo, Mukantwari aliandika "mwiza", yaani mzuri kwa Kinyarwanda. Simu yake iliyowekwa kwa Kiswahili ikamsahihishia bila kumuuliza. Kisha programu ya kutambua wapigaji iliyomo simuni ikalichota jina hilo, na sasa huwaonyesha wengine kila fundi anapowapigia.

"Herufi moja tu, dada. Nilimaanisha mwiza."

Fundi anatema pini kiganjani, moja moja. Anauvuta mfuko wa Mukantwari, anafungua fundo, anamwaga vipande vyote mezani.

"Hesabu."