Visigino vya Fundi Saa

Watu wengi ukikutana nao hukuangalia usoni kwanza. Yeye alianza na miguu. Ndiyo maana mtaani walimbatiza Macho Chini, na jina likamganda kama gundi yake ya kazini, hata wateja wapya wakadhani ndilo alilopewa na wazazi. Alikuwa fundi viatu, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana na ulimi usiojua kona. Aliketi barazani nje ya duka la dawa, mbele yake chuma cha kugongea, makopo ya rangi na rundo la viatu vinavyosubiri zamu.

Ukimpa kiatu hakukitazama juu. Alikigeuza. "Maneno mtu anaweza kuyapinda atakavyo," alipenda kusema, "lakini soli haina mdomo wa kudanganyia."

Na alikuwa na sababu. Enzi za ndoa yake, mumewe alikuwa akiaga kwenda zamu ya kiwandani, ambako sakafu nzima ni saruji, kisha anarudi na udongo mwekundu umekauka kwenye mifereji ya soli. Udongo wa namna ile ulipatikana upande wa pili wa mji tu. Macho Chini hakugomba. Alikwenda huko, akauliza hapa na pale, hadi akafika kwenye mlango wenye pazia jipya. Akabisha. Aliyefungua ni mumewe mwenyewe, kifua wazi, kavaa kandambili. Ndoa iliishia pale kizingitini. Tangu hapo akawa mtu wa kushuku. Akipewa zawadi aliuliza sababu, na mteja akimsifu sana alitazama kama makopo yake ya rangi yangali yametimia.

Mtu mmoja tu hakumshuku, naye ni shangazi yake, aliyemlea baada ya wazazi kufariki na kumpokea tena ndoa ilipovunjika. Shangazi alizaliwa na mguu wa kushoto uliopinda kuanzia gotini, unyayo umegeukia ndani. Alipotembea, bega moja lilizama na jingine likapanda, na viatu vya dukani havikumkaa hata siku moja. Macho Chini alijifunza kushona viatu kwa ajili ya mguu huo. Cha kwanza alichomtengenezea kilikuwa kibaya kama kiazi, lakini shangazi alikivaa kwa madaha hadi kikakatika.

Shangazi hakuwahi kuolewa. Watu walisema hakupata, yeye alisema hakutaka, na ukweli aliuhifadhi anakojua mwenyewe. Alishona mapazia na mashuka kwa cherehani, akikanyaga kwa mguu mzima, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na baba yake. Chumba kimoja chake, cha pili cha Macho Chini. Waliishi hivyo, wakigombana juu ya chumvi na kupatana juu ya chai, mpaka alipotokea Fundi Saa.

Huyu alihamia kutoka mji mwingine. Mzee nadhifu, shati limepigwa pasi likasimama, kichwa cheupe kama pamba. Alikodi meza kwenye baraza lile lile la duka la dawa, akapanga saa zake mbovu na vibisibisi vyake vidogo. Alikuwa anachechemea mguu wa kulia, anaegemea mkongojo. Mtaa ukampokea kwa huruma. Mwenye duka la dawa alimpa kiti chenye mto. Bombani alipitishwa mbele ya foleni, na akina mama walimbebea ndoo hadi mlangoni.

Macho Chini alimtazama miguu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alijisemea. Huyu kamba yake iko wapi?

Haukupita muda, Fundi Saa akapeleka pazia kwa shangazi likunjwe pindo. Kisha akapeleka foronya. Kisha akawa anakwenda bila kitu chochote cha kushonwa. Macho Chini akirudi kazini anakuta vikombe viwili kwenye sinia, na shangazi, ambaye maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kijiko, anacheka peke yake huku akikata kitambaa. Mara akatoboa upya masikio yaliyokuwa yameziba.

"Shangazi, huyu mtu unamjua kwao?"

"Namjua kwangu. Kwao nikafanye nini?"

"Na hii nyumba, ameiulizia?"

"Aliuliza paa linavuja wapi. Nikamwonyesha, akaziba."

"Umeona? Ameanza na paa."

Shangazi akaweka mkasi chini. "Mwanangu, wewe ukikuta mtu amelala utauliza kwanza kama amelala kweli." Halafu, bila kupumzika, akamalizia: "Jumapili namwita baba yako mdogo. Fundi Saa anataka kunioa, na mimi nataka kuolewa."

Macho Chini alisema, "Hongera." Neno lilimtoka kwa shida kama msumari uliopinda ndani ya ubao.

Kesho yake Fundi Saa alimletea viatu vyake vyeusi vitiwe visigino vipya, avivae Jumapili. Alisimama pembeni kwa kandambili, kauegemea mkongojo, anatabasamu. Macho Chini akavigeuza, mikono ikasimama. Visigino vyote viwili vilikuwa vimelika upande wa nje, sawa kwa sawa, kama mapacha. Alikuwa ameshika viatu vya shangazi maisha yake yote. Alijua mguu mbovu na mguu mzima haili soli kwa njaa moja.

"Viatu vizuri," alisema. "Ulivinunua mitumba?"

"Hapana, binti yangu. Vipya, dukani, vikiwa kwenye boksi lake. Vimenizoea kuliko ndugu zangu."

"Na mguu wako? Siku nyingi?"

Fundi Saa akakohoa kidogo. "Siku nyingi, eeh. Mambo ya ujana." Akageuka, akaenda mezani kwake, tii, tii, tii, na mkongojo wake.

Siku hiyo Macho Chini hakuweza kugonga msumari ukaingia ulikoelekezwa. Mtu mzima anajifanya kilema kwa nini? Kwa ajili ya kiti chenye mto? Au kwa ajili ya mwanamke mwenye nyumba, ambaye asingemwogopa mtu mwenye mguu kama wake? Alipomwona anafunga meza mchana na kuondoka, naye akavua aproni akamfuata kwa mbali.

Fundi Saa alichechemea kupita duka la dawa, akachechemea kupita bombani, akiitikia salamu kulia na kushoto. Alipokata kona nyuma ya ghala la mbao, ambako hapakuwa na mtu, alitazama nyuma mara moja. Macho Chini akajibanza kwenye ukuta. Mzee akautia mkongojo kwapani, akanyoosha mgongo na kuanza kutembea kama askari wa gwaride. Mbele kulikuwa na mtaro mpana wa maji machafu. Hakuuzunguka. Aliruka, huyo, kama mbuzi, akatua ng'ambo na kuendelea na safari.

Macho Chini alisimama pale moyo unamdunda. Hakujua kama ni hasira au furaha, na hilo la pili hakulichunguza.

Angeweza kwenda moja kwa moja nyumbani akamwambia shangazi. Hakwenda. Alivitia visigino viatu vile, akavipaka rangi vikang'ara, akasubiri Jumapili.

Siku yenyewe sebule ilijaa, ingawa watu walikuwa wanne tu. Baba mdogo, dereva wa lori mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, alikalia kiti kikubwa. Shangazi alivaa gauni la bluu aliloshona mwenyewe. Fundi Saa aliingia kwa mkongojo, akaamkiwa, akaketi taratibu, mguu wa kulia kaunyoosha mbele.

Baba mdogo hata hajamaliza kusafisha koo, Macho Chini akasimama.

"Kabla hatujafika mbali, baba mdogo, naomba umwambie mzee aruke."

"Aruke nini?"

"Aruke tu. Aliruka mtaro nyuma ya ghala la mbao, macho yangu yakiona. Huyu si kilema. Anachechemea penye watu, pasipo na watu anakimbia. Mtu anayeweza kukudanganya kwa kila hatua anayopiga, usiku na mchana, atashindwa kukudanganya kwa nini?"

Baba mdogo akashusha kikombe. "Mimi niliitwa kwenye chai na habari njema," alisema polepole. "Mzee, ni kweli haya?"

Fundi Saa aliinamisha kichwa. Mkongojo ukateleza, ukaanguka sakafuni, na hakuna aliyeuokota.

"Ni kweli," alisema.

Macho Chini akamgeukia shangazi, tayari kumshika asianguke. Shangazi hakuwa na dalili ya kuanguka. Alikuwa anajipepea kwa kitambaa, macho makavu.

"Mimi nimechechemea tangu siku niliyosimama," alisema. "Kuna mtu hapa wa kunifundisha kuchechemea? Mwenye mguu mbovu akipanda ngazi hutanguliza mzima. Huyu ngazi yangu anaipanda kwa kutanguliza huo anaoita mbovu. Na siku ile ya mvua alisahau, akachechemea wa kushoto toka mlangoni mpaka kitini."

Baba mdogo alitaka kucheka, akajizuia, chai ikampalia.

"Ulijua?" Fundi Saa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilijua. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Haya, sasa sema."

Mzee akafuta uso. Siku aliyohamia, alisema, aliteguka kifundo akishusha sanduku, akachechemea kweli. Katika hali hiyo ndipo alipoleta pazia. "Ukanitazama pale mlangoni, ukacheka. Ukasema, karibu, leo nimepata mwenzangu. Mimi sijachekewa na mtu tangu mke wangu afariki. Mguu ukapona. Kila siku nikasema kesho nitamwambia. Nikaogopa kwamba nikija nimenyooka, utanifungia mlango."

"Hadithi tamu," Macho Chini alisema. "Hata mume wangu alikuwa nazo."

"Wewe nyamaza!" Shangazi hakuwa mtu wa kupaza sauti, na sasa aliipaza. "Ulimwona lini akiruka mtaro?"

"Jumatano."

"Tangu Jumatano tumekula chungu kimoja. Tumekaa jikoni magoti yanagusana. Ukashindwa kuninong'oneza? Ukaona unisubirishe mpaka ndugu yangu aje, nivae gauni, nikae hapa kama bibi harusi, ndipo univue nguo mbele za watu?"

"Nilikuwa nakulinda, shangazi."

"Ulikuwa unamlinda nani? Mimi, au chumba chako?"

Macho Chini akarudi kitini. Kwa mara ya kwanza alitazama moyo wake kama anavyotazama soli, akaona umelika upande asioutarajia.

Shangazi akamgeukia Fundi Saa. "Na wewe, humu ndani tuko wanne, lakini uongo wako umeulisha mtaa mzima. Kesho mchana, watu wakiwa wamejaa, utatembea toka hapa kwangu hadi mezani kwako. Bila mkongojo. Ukimaliza hilo, tutaongea. Ukishindwa, pazia lako liko pale, nenda nalo."

Baba mdogo aliondoka bila kumaliza chai, akitikisa kichwa na kusema kwamba kuendesha lori lisilo na breki ni kazi nyepesi.

Jumatatu Fundi Saa alitembea. Macho Chini aliona kila kitu kutoka kwenye kiti chake. Mzee alikuja mikono mitupu, mgongo wima, uso umemwiva kwa aibu. Mtu wa kwanza akapiga kelele, "Muujiza!" Wengine wakaitikia, halafu kicheko kikageuka kuwa minong'ono, na minong'ono ikawa matusi. Mama mmoja aliyekuwa akimbebea maji alimtwika ndoo yake iliyojaa, akamwambia, "Leo zamu yako," naye akaibeba mpaka kwa yule mama. Mwenye duka la dawa alitoka, akachukua kiti chake na mto wake. Fundi Saa akageuza debe, akakalia.

"Habari za kazi, fundi," alimsalimu Macho Chini.

"Nzuri," alijibu. Alikuwa ametegemea kufurahi. Furaha haikuja.

Kwa muda mrefu hakuna aliyempelekea saa. Aliyeweza kupinda mguu mzima, watu walisema, atashindwa nini kupindisha mshale wa saa? Lakini shangazi alimpelekea ya kwake ya ukutani, akaibeba mwenyewe mchana kweupe, bega likizama na kupanda, mtaa mzima ukitazama. Baada ya hapo wengine wakaanza mmoja mmoja. Wakaoana kimya kimya, baba mdogo akiwa shahidi.

Macho Chini alihama, akapanga chumba nyuma ya duka la dawa.

"Hakuna aliyekufukuza," shangazi alimwambia, ameshika mlango.

"Najua. Lakini nikikaa, sitajua kama nakupenda wewe au nakipenda chumba."

Shangazi akamfungia mkate kwenye kitambaa. Walikuwa hawajazungumza vizuri tangu Jumapili ile, na hata siku hiyo hawakuzungumza sana. Yalirudi taratibu, kwa salamu, kisha kwa kuombana chumvi, kisha kwa kugombana, na walipofika kwenye kugombana wote wawili walijua yamekwisha.

Siku hizi anakwenda kula kwao mwisho wa wiki. Fundi Saa ndiye anayepakua. Mara ya kwanza waliyoketi wote watatu, Macho Chini alikula nusu sahani, akaweka kijiko.

"Mzee, nakuuliza mbele yake, nisije nikakufuata tena vichochoroni. Kuna jingine?"

Fundi Saa alifikiri kwa uaminifu kabisa, akitazama dari. "Nina meno ya bandia," alisema. "Mawili. Ya huku nyuma."

"Hayo nayajua," shangazi alisema, akitafuna.

Macho Chini alicheka hadi machozi yakamtoka, na Fundi Saa akacheka naye, mdomo wazi. Chakula kilipokwisha Macho Chini aliaga vizuri, akashika njia ya kwake. Alipofika bombani alikuwa bado anatabasamu. Alipofika kwenye duka la dawa alikuwa ameanza kujiuliza kama kweli ni mawili tu.