Sahihi Kwenye Fomu Yangu

Kwa miaka saba sikujua nimshukuru nani. Watu wakiniona na chaki mkononi husema Esha alipata baba anayejua maana ya elimu. Wengine husema la, ni mjomba. Lakini dada yangu Mwanapili alilelewa nyumba hiyohiyo, naye anafua mashuka ya hoteli kule Galu.

Na yeye ndiye aliyekuwa na akili. Mwaka wa Uhuru alipata nafasi ya shule ya bweni, fomu ikaja kwetu Msambweni itiwe sahihi na mzazi. Hapo ndipo palipoanza kazi. Kwa mila yetu Wadigo, mtoto ni wa mjomba, ndugu ya mama yake. Kwa dini, ni wa baba. Baba yetu, mzee Alfani, alikuwa mstaarabu kupita kiasi.

"Siwezi kumtangulia shemeji yangu," alisema. "Mpelekeeni."

Fomu ikaenda Kombani kwa mjomba Mwero. Naye akaisoma, akaikunja vizuri.

"Baba yake yu hai, kisha nitie sahihi mimi? Ataona namdharau. Mrudishieni, na salamu nyingi."

Ikarudi. Ikaenda tena. Shule ilipofunguliwa fomu ilikuwa bado Kombani, haina hata nukta ya wino. Hakuna aliyekataa, na hilo ndilo linaloniudhi, kwamba hata wa kumkasirikia sina.

Miaka miwili baadaye ikaja fomu yangu. Nililia kabla haijasomwa. Baba akasema yaleyale, Mwanapili akatumwa Kombani. Alirudi alasiri mikono mitupu.

"Imetiwa sahihi," alisema. "Nimeipeleka shuleni mwenyewe."

Baba akajua shemeji yake ametia. Haya zikamshika, akauza mbuzi akalipa karo. Mjomba aliposikia karo imelipwa, akajua baba ndiye aliyetia, naye hakukubali kuachwa nyuma. Akaleta sanduku, godoro na blanketi. Walipokutana mlangoni kwetu wakapeana mikono.

"Umefanya vyema, shemeji."

"Aa, ni wewe, shemeji."

Kila mmoja akadhani mwenzake anajishusha tu kwa adabu. Mimi nilisimama kati yao na viatu vipya, sielewi kitu. Nyumba ni moja, wazee ni walewale, fomu ni ileile. Dada alikosa nini nilichopata mimi? Swali hilo lilinifuata bwenini, likanifuata hadi chuo cha ualimu.

Mwaka jana, nilipopata mshahara wangu wa kwanza, nilimpelekea Mwanapili kanga Galu. Nilimkuta uani akianika mashuka. Nilimwuliza ni nani hasa aliyetia sahihi siku ile, baba au mjomba.

"Sikufika Kombani," alisema, wala hakuacha kuanika. "Niliazima kalamu dukani, njiani, nikaitia mimi."

Hasira, furaha, aibu, sijui ilikuwa ipi. Nilimwuliza kwa nini basi hakuitia sahihi fomu ya kwake.

Akakung'uta shuka jingine, akalinyoosha kambani.

"Ya kwangu nilikuwa nangojea wakubwa," alisema. "Mimi nilikuwa mtoto mwenye adabu."