Taa Iliyokuwa Baridi

Sisi tuliokua kabla simu hazijapata tochi tulikuwa na kazi moja nyumbani: kumulikia baba. Kama hujawahi kugombezwa ukiwa umeshika tochi, wewe ulilelewa wapi?

Baba yangu alikuwa fundi wa amplifaya za gitaa. Alifanyia kazi katika chumba cha nyuma, nyumbani kwetu Mountain View, na makanisa ya kutoka Kangemi hadi Adams Arcade yalimletea mitambo yao, ile mizito ya zamani yenye taa za kioo ndani. Taa zikichoka unaweka mpya, halafu lazima uzipimie umeme wa kukaa nao hata kama hakuna anayepiga gitaa. Kipimo hicho baba alikiita bayasi. Mimi nilidhani Bayasi ni mtu. Mama akimwita ale, anajibu, "Wacha nimalizane na Bayasi," nami nachungulia dirishani nimwone huyo mgeni asiyekaribishwa chai.

Naisikia bado ile harufu ya lehemu na vumbi linaloungua, mandazi ya mama yamefunikwa na gazeti. Baba ameinama, mkono wa kushoto mfukoni, kwa sababu umeme wa mle ukiingia mkono mmoja na kutokea mwingine unapitia moyoni. Mkono wa kulia unageuza skrubu ndogo, macho kwenye mita. "Mulika hapa. Nyambura, kwani ukuta ndio umeharibika?"

Siku moja akasema, "Hii taa bado iko baridi sana." Nikaigusa. Ngozi ya kidole ikabaki kwenye kioo. Nililia nikimwambia, si umesema iko baridi? Akaniwekea kidole kwenye maji, huku anacheka na kusikitika. Baridi ya bayasi si ya mkono, akasema. Ni taa kupata umeme kidogo, sauti ikakwaruza. Ikiwa moto imepata mwingi, chuma cha ndani kinakuwa chekundu, inakufa. Niliitikia. Sikuelewa, na sijui kama nimeelewa hata leo.

Baba alifariki akaniachia amplifaya moja, yake mwenyewe. Wiki jana nikaita fundi kijana, yule wa kujirekodi video akifungua skrubu. Akang'oa taa za zamani, akaweka mpya.

"Na bayasi?" nikamuuliza.

"Mathe, hizo ni stori za wazee. Iko fiti."

Hata hajafika stejini kupanda matatu, chuma kilikuwa chekundu kama jiko la makaa. Nikachomoa waya. Bado nina hasira naye, na nina hasira na baba pia. Miaka yote ile ya kumulika, mbona hakuniambia skrubu inageuzwa upande gani? Ama aliniambia, nikawa naangalia mandazi?

Enzi zetu betri za tochi zilianikwa juani, mwanga wa njano, mkono unatetemeka, lakini anayemulikiwa alijua anachotafuta. Jana nilifungua mgongo wa amplifaya. Mkono wa kushoto nikauweka mfukoni, hiyo naijua. Binti yangu, miaka sita, ameshika simu inayomulika hadi kwa jirani, na mkono wake umetulia kabisa.

"Mum, nimulike wapi?"

Nikaiangalia ile skrubu. Kulia? Kushoto? Nikamwambia amulike tu hapo hapo, asisonge.