Fishi ya Kumi na Saba

Ile kazi niliipata kwa sababu ya mwandiko. Shule niliyokuwa nafundisha pale mtaa wa Mususa ilikuwa imefungwa. Wazazi hawakuwa tena na kitu cha kuwapa walimu, hata maharagi. Siku moja baada ya misa, mkubwa wa komiti moja ya haki za binadamu akanifuata, akaniomba nimwandikie mistari miwili kwenye karatasi. Akaitazama, akasema, "Unaandika kama mutu hana haraka. Wa hivi njo natafuta."

Mama yangu, aliyekuwa akiuza unga wa muhogo sokoni Butembo, hakumpenda tangu siku hiyo. Kilichomtia shaka ni pikipiki. Wakati ule wa vita, wenye bunduki walikuwa wanakamata pikipiki kama wanavyokamata kuku, lakini ya huyu mkubwa ilipita kwenye barieri zote za askari barabarani na kurudi.

"Juu ya nini ya kwake haikamatwe?" mama akaniuliza.

"Mama, ni ya komiti."

"Ya padri ilikamatwa. Sasa komiti inapita padri?"

Nilikwenda kazini vilevile, kwa sababu nyumbani tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, saa kumi, ili tumbo lisahau asubuhi na lidanganyike jioni.

Biro, yaani ofisi yetu, ilikuwa chumba kimoja. Tulikuwa watatu: mkubwa, mimi, na sekreteri, mwanaume mpole wa miaka arobaini hivi aliyepiga mashine ya kuandikia kwa vidole viwili. Siku ya kwanza mkubwa alitueleza kwa nini tuko pale. Milima ya Lubero imejaa viazi, maharagi na vitunguu, akasema. Kamyo za mizigo zinashuka zimejaa mpaka zinainama upande. Lakini watoto wa walewale wanaolima wananywa uji na kulala.

"Hii njaa haitoke mu udongo," akasema. "Inatoka mu mikono ya batu. Kula ni haki. Na haki, kama hatuiandike, hakuna mutu ataitetea."

Maneno yale niliyaamini. Nayaamini hata sasa. Yeye ndiye nilishindwa kumwamini.

Tulipewa fishi, karatasi ndefu zenye maswali. Jana mulikula mara ngapi? Mulikula nini? Nani alikula kwanza, nani alikosa? Kuna chakula gani ndani ya nyumba? Nani anakamata sehemu ya mavuno yenu? Jina la mtu halikuandikwa juu ya fishi. Ili kuwalinda, kila nyumba ilipewa namba, na namba hizo niliziandika mimi baada ya kurudi biro, kwenye daftari lingine lenye majina. Daftari na fishi vilikaa ndani ya sanduku la chuma. Funguo zilikuwa mbili: moja ya mkubwa, moja ya sekreteri.

Nilitumwa Masereka, juu kwenye milima hiyo ya Lubero. Nilipanda kamyo iliyokuwa inarudi tupu kuchukua mboga, nikiwa nimefunga kitenge juu ya pulovu, maana kule juu baridi haina urafiki. Barieri ilikuwa katikati ya njia. Wanawake waliokuwa wanashuka sokoni walipanga foleni, vikapu mgongoni, na soda mmoja, askari wa barieri ile, alichota kwa kopo kutoka kila kikapu. Alichota kama mtu anayechota maji ya mto. Waliiita ile kopo "ya barabara," na kila aliyelima alijua kwamba kabla ya kuuza, barabara itakula.

Kijijini watu hawakunikataa. Walifanya kitu kibaya zaidi: walinijibu. "Tunakula vile Mungu anapenda," mzee mmoja akasema, halafu akaviangalia viatu vyangu. Mama mwingine alifunika chungu nilipoingia. Nilipotamka yale maneno ya mkubwa, haki ya kula, wanaume waliokuwa wanachambua mbegu wakacheka. "Chakula tunakijua," mmoja akasema. "Hii ingine inapikwaka namna gani?"

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane aliyekaa na wajukuu wake kwenye mteremko, juu ya bustani ya vitunguu. Nikamsalimia kwa lugha ya kule, "Wavukire, mama." Akanitolea kiti nje, mbali kidogo na mlango, naye akaendelea kumenya maharagi.

"Nani alikutuma?"

"Komiti, mama."

"Na komiti inakulaka nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikauliza maswali yangu kwa mpangilio. Jana walikula mara moja, viazi na sombe, majani ya muhogo. Watoto kwanza. Yeye alikosa. Nilipofika kwenye swali la chakula kilichomo ndani, mikono yake ikasimama.

"Unataka kujua juu ya nini?"

"Ili wakubwa wajue kama batu bako na njaa."

Akanitazama, akatazama kilima cha mbele, akanitazama tena. "Maharagi, mifuko mbili."

Nikaandika: mbili. Niliporudi biro nikampa namba kumi na saba.

Hazikupita wiki mbili, dereva wa kamyo ya kabichi akaniambia kwamba basoda walipanda mpaka kile kijiji. Kesho yake nikapanda naye, bila kumuaga mkubwa.

Mjane alikuwa amekaa palepale. Safari hii hakunitolea kiti.

"Balikuja batatu, asubui," akasema. "Hawakuuliza njia. Hawakuingia kwa jirani. Mumoja akasimama pale unasimama, akaambia benzake, 'Huyu njo wa kumi na saba.' Nikajiuliza, kumi na saba ya nini? Kisha akasema, 'Mama, toa ile mifuko mbili.'"

Ile namba yeye hakuijua, sikuwa nimemtajia. Ilizaliwa kwenye meza yetu, mkononi mwangu, na haikupaswa kutoka nje ya lile sanduku.

"Mama, ukawapa?"

"Nikabapa. Bakabeba, bakaenda." Akageuka kuona kama kuna mtu nyuma ya ua, halafu akashusha sauti. "Nilikuwa na tano."

Nikamwangalia.

"Nilikudanganya. Ule uongo njo batoto banakula leo."

Nilipiga magoti pale udongoni nikamwomba msamaha, nikilia, na nadhani ndipo aliponionea huruma, kwani akanishika bega. "Mutu mubaya angerudi?" akasema, kama anajiuliza mwenyewe. "Ao angerudi juu ya zile tatu."

Nilipokuwa nashuka kile kilima, nikiteleza kwenye matope, nikaanza kujiuliza kama hata ile tano ilikuwa kweli. Nikatamani isiwe, nikatamani awe amenificha zaidi.

Biro niliwakuta wote wawili. Nilisimama mlangoni nikasimulia yote, namba, mifuko, kila kitu. Mashine ya sekreteri ikanyamaza. Mkubwa akaondoa miwani.

"Funguo iko wapi?" akamuuliza sekreteri.

Sekreteri akaivuta kutoka shingoni, ilikuwa imefungwa na kamba ya viatu. Mkubwa akatoa yake mfukoni, akaziweka zote mezani. Hakuna aliyezigusa. Tulikaa tukitazamana kama watu waliokuta nyoka ndani ya nyumba na kila mmoja anaogopa kuonyesha yuko upande gani.

"Weye njo ulipanda kule," mkubwa akaniambia polepole. "Weye njo uliandika namba. Weye njo unajua nyumba."

"Na weye njo pikipiki yako inapita fasi yote."

Akasimama. Nilidhani atanipiga. Akaenda dirishani, akasema akiwa amenipa mgongo, "Kama ni weye, Mungu anajua."

"Kama ni weye pia," nikamjibu.

Wiki iliyofuata sekreteri hakuja kazini. Tukasikia amevuka mpaka wa Kasindi na mke wake, akaacha hata kofia yake juu ya mashine. Mtaani watu wakamaliza kesi palepale: ni yeye, kwani nani hukimbia bila kosa? Mimi sikuweza kuimaliza. Siku zile watu walikimbia kwa sababu ya kosa, na kwa sababu ya kukosa kosa la kukiri, na kwa sababu mtu fulani amewatazama vibaya. Mama yangu hakuwa na shida hiyo. Yeye alibaki na shaka yake ya pikipiki.

"Yule maskini alikimbia juu ya kile alijua," akasema. "Angalia mwenye kubakia."

Mkubwa alibadilisha kufuli, na ufunguo ukawa mmoja tu, wa kwake. Ndipo nilipoamua. Nilimwambia afungue sanduku. Nikatoa fishi zangu zote na lile daftari la majina, nikazibeba mpaka kwenye jiko la makaa nyuma ya biro, nikazichoma moja moja. Alisimama karibu nami, mikono mfukoni, bila kunizuia.

"Ripoti itakosa," akasema.

"Ikose."

"Na ile haki tutaitetea na nini?"

Lilikuwa swali la kweli, na liliniuma. Nililipeleka kwa mjane. Nikamweleza kwamba karatasi zimeungua, kwamba sasa komiti haina kitu cha kuonyesha kwa wakubwa wa Beni, wenye kuamuru basoda wa barieri.

"Uliona zikiungua zote?"

"Kwa macho yangu."

Akawaza. "Kama ile haki ni yangu," akasema, "juu ya nini ilikuwa inalala mu sanduku ya mutu mwengine? Tutaenda siye benyewe."

Walikwenda wanawake saba, wote wabebaji wa vikapu wa ile barabara. Mkubwa aliomba ruhusa ya kuonana na mkuu wa serikali ya wakati ule. Hilo lazima niseme, bila yeye tusingefunguliwa mlango. Tulishuka mpaka Butembo kwa kamyo, tukalala kwa mama yangu, asubuhi tukaendelea na njia ya Beni. Beni ni joto. Wale mama walikuwa wamevaa mapulovu ya Masereka na hakuna hata mmoja aliyekubali kuvua, kama vile kuvua nguo kwa wageni ni kuwaambia una nini ndani. Jasho liliwatiririka usoni mbele ya maaskari wa mlangoni.

Tulipoingia, mkuu alimpa mkubwa wetu mkono na kumuuliza, "Bibi anaendelea namna gani?" Mkubwa akajibu haraka, "Mupole mupole," akaangalia chini. Nilijua mke wake anaugua. Mususa yote ilijua. Lakini nani alikuwa amemwambia huyu? Dawa za yule mama zilikuwa zinatoka wapi, katika mji ambao hospitali ilikuwa inagawa panadoli nusu nusu? Sikuuliza. Niliiweka shaka hiyo ndani yangu pamoja na ile ya pikipiki.

Wanawake walisimama mmoja mmoja. Hawakulia, hawakuomba. Kila mmoja alisema nini kinachotwa kwenye kikapu chake, mara ngapi kwa wiki, na nani nyumbani hukosa kula kwa sababu hiyo. Mmoja aliyekuwa na mimba kubwa alisema tu, "Kopo moja ni sahani ya batoto babili," akakaa. Karani wa mkuu alifungua daftari. Mjane akamnyooshea kidole.

"Hapana kuandika, baba. Sikiliza."

Karani akamtazama mkuu wake. Mkuu akatabasamu, akasema wasiogope, yeye ni baba wa wote, anataka kusaidia. Halafu, kwa sauti ya upole kabisa, akauliza, "Lakini bamama, kwa kawaida, mu nyumba munawekaka mifuko ngapi?"

Nilimwangalia mkubwa, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ile hatukukuja kuisema," mjane akajibu. "Tulikuja kusema kile munakamata. Kile kinabakia ni chetu."

Sijui kama ni maneno yale, au ni zile pulovu saba zikitoa jasho bila kuondoka, au ni jambo la watu wakubwa ambalo sisi hatukulijua. Siku chache baadaye amri ikafika kwenye barieri kwamba hakuna tena kopo ya barabara. Msimu mzima wa maharagi vikapu vilishuka vikiwa vimejaa. Sokoni mama yangu alinunua maharagi kwa bei ya chini ambayo hakuwa ameiona tangu vita ianze, na mwezi ule nyumbani tukaanza kula mara mbili.

Mimi na mkubwa tuliendelea kufanya kazi pamoja mpaka mke wake alipokufa na yeye akahamia upande wa Eringeti. Tulisalimiana vizuri. Sikumpa tena karatasi yenye jina la mtu, na yeye hakunipa ufunguo. Siku ya kuagana alinishika mkono muda mrefu, akafungua kinywa kama mwenye neno, nikangoja. Akasema nimsalimie mama.

Baadaye kundi lingine la wenye bunduki likachukua ile njia, na kopo ikarudi, kubwa kuliko ya kwanza. Nilianza kupanga jinsi ya kupanda Masereka kuwakusanya wale wanawake. Kabla sijaondoka, muuza vitunguu mmoja akaniambia sokoni, akipima bidhaa yake, kwamba bamama wa kule walishapita Butembo juzi, wengi kuliko saba, wakielekea Beni.

"Hawakukuambia?" akashangaa.

Walipita mbele ya biro yetu, akasema, na hawakubisha hodi. Iliniuma kidogo kwamba hawakunihitaji tena. Kisha nikafunga kitenge changu vizuri, nikanunua vitunguu, nikarudi nyumbani nikiwa nimefurahi kuliko nilivyoweza kumweleza yule muuzaji.